Programu Gani ya Kuandikia? Swali la Mwalimu na Swali la Akina Mama

(Hotuba kwa wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, ukumbi wa parokia, Ekerenyo)



Wapendwa, tunawashukuru nyote mliofika, hasa ninyi mliotembea kutoka pande za Ikonge na Magwagwa na matope haya yote. Tunajua wengine mmeacha chai shambani na mtachuma jioni. Hatutawaweka mpaka usiku.

Mazungumzo ya leo hatukuyachagua sisi. Yametoka kwa watu wawili. Wa kwanza ni mzee wetu, mwalimu mstaafu, mnamwona pale mbele. Tangu astaafu amekuwa akiandika emegano, hadithi alizosimuliwa na nyanya yake jikoni, pamoja na habari za koo za huku kwetu. Ana madaftari manne, yote yamejaa. Siku moja baada ya Misa akatushika mkono, akasema: "Mwanangu amenipa laptopu yake kuukuu. Sasa nitumie programu gani kuandikia kitabu?" Wa pili ni katibu wa kikundi kimoja cha akina mama, wale wa merry-go-round na kuku. Yeye aliuliza: "Tuchange pesa tununue Word, ama hii ya bure inatosha?"

Tuliyachukua kama maswali mawili, moja la mwandishi na jingine la kikundi. Tulipokaa nayo tukaona ni swali moja. Katibu naye ni mwandishi. Anaandika maneno ambayo watu wengine watayategemea wakati yeye hayupo, na mengine yatategemewa wakati amekwisha zikwa. Tofauti yake na mwalimu ni kwamba vitabu vya katibu havina jina lake kwenye jalada.

Kabla ya kuendelea, tuna jambo la kukiri mbele yenu.

KOSA LETU

Miaka michache iliyopita sisi wa ofisi ya maendeleo tulikuja hapa hapa ukumbini tukawafundisha makatibu kuweka kumbukumbu kwenye intaneti. Tulisema: acheni kaunta buku, panya wanazila, mvua inazilowesha, andikeni kwenye simu, kila kitu kitahifadhiwa huko juu. Tulisema kwa moyo mweupe. Kikundi kimoja kilitusikiliza vizuri kuliko vingine vyote. Katibu wao alikuwa msichana mwepesi, amemaliza kidato cha nne, vidole vyake vinakimbia kwenye simu. Kwa miaka miwili akaandika kila mkutano, kila mchango, kila uamuzi. Kaunta buku wakaiacha kabisa.

Kisha msichana akaolewa, akahamia mbali. Njiani simu ikaibwa. Laini yake ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, basi hakuweza kuirudisha. Neno la siri la akaunti alikuwa ameliacha simu ilikumbuke, yeye mwenyewe halijui. Kila tulipojaribu kufungua akaunti, ilitaka kutuma namba ya siri kwenye ile laini iliyopotea. Tulikaa naye kwa simu jioni tatu. Hatukufanikiwa.

Mngesema, basi ni kumbukumbu tu, waanze upya. Lakini mwezi huo huo mama mmoja wa kikundi alifiwa na mama mkwe wake. Yeye alikuwa na hakika kwamba waliketi wakakubaliana kuwa mama mkwe ahesabiwe kama mama mzazi, na mwanachama apewe msaada kamili wa mazishi. Wengine wakasema hapana, walizungumza lakini hawakupitisha. Wengine hawakuwapo siku hiyo. Mwenyekiti akasema, tutazame minitsi. Minitsi ziko wapi? Ziko huko juu.

Walibishana wiki mbili na maiti iko mochari. Mwishowe wakampa nusu, ili kuleta amani. Yule mama alipokea, akasema asante, na hajarudi kikundini hadi leo. Tumemtembelea mara mbili. Anatukaribisha chai, anatuuliza habari za Padri, na mambo ya kikundi hayagusi. Labda alikuwa na haki, labda hakuwa nayo. Ukweli ulikuwa umeandikwa, na hakuna aliyeweza kuusoma.

Kwa hiyo mtu akituuliza leo programu ipi ni nzuri, hatuanzi na urembo wake wala umaarufu wake. Tunamuuliza: maandishi haya yatafunguliwa na nani siku ambayo wewe haupo? Akishajibu hilo, tunaendelea.

KOMPYUTA NA PROGRAMU

Wengi wetu tunasema "andika kwa Word" kana kwamba Word ndiyo kompyuta yenyewe. Ni kama tunavyoita kila sabuni ya unga kwa jina la ile tuliyoizoea dukani. Kompyuta ni jiko, programu ni sufuria. Kwenye jiko moja unaweza kuweka sufuria tofauti na ugali ukaiva.

Sisi tulipokuwa chuoni tukisomea diploma, walimu wetu walikuwa wanakumbuka WordPerfect, ile ya skrini ya buluu, na kabla yake WordStar. Katika miaka ya themanini hizo ndizo zilizokuwa kubwa duniani. Word ya kampuni ya Microsoft ilitoka mwaka 1983, na ilitawala Windows ilipoenea katika miaka ya tisini. Waliojifunza WordPerfect kwa kukariri vitufe walilazimika kuanza upya. Kumbe hata zilizotawala huondoka. Ofisini kwetu kuna mkebe wa biskuti uliojaa disketi, zile bapa za mraba, na ndani yake kuna ripoti za miradi ya maji. Leo hakuna laptopu hapa yenye mdomo wa kuzimeza. Lakini stensili zilizopigwa kwa taipureta na kuzungushwa kwenye mashine ya kunakili kabla ya hapo, karatasi zake zipo, zimegeuka rangi ya chai, na zinasomeka.

Mwalimu, usiogope kuwa umechelewa na laptopu yako kuukuu. Yuko mwandishi wa Marekani, George R. R. Martin, anayesomwa dunia nzima. Mwaka 2014 alieleza kwenye televisheni kwamba huandikia WordStar 4.0, kwenye kompyuta ya zamani isiyounganishwa na intaneti. Sababu yake itakufurahisha: hapendi programu inayomsahihisha maneno kabla hajamaliza kuandika.

Na hapa kwetu Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuacha Mei 2025, aliandika Caitaani Mũtharabainĩ kwenye karatasi ya chooni alipokuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978. Askari wa gereza waliwahi kumnyang'anya maandishi hayo, kisha wakamrudishia. Kitabu kikatoka mwaka 1980. Hebu fikirini kama wasingerudisha. Alikuwa na nakala moja tu, mikononi mwa mtu mwingine. Hapo Ngũgĩ na akina mama wetu wa minitsi wanakutana.

TUTAZAME ZILIZOPO

Tuanze na Word kwa sababu ndiyo mnayoiulizia. Ni programu nzuri, hatutasema vinginevyo. Karibu kila saiba kuanzia hapa mpaka Nyamira mjini wanayo, ofisi za serikali wanayo, na wachapishaji wengi wa vitabu huomba faili ya Word. Ukiijua, utapata msaada popote. Shida yake ni mbili. Ya kwanza, inauzwa. Siku hizi wanapendelea kukuuzia kwa mwaka, ukimaliza mwaka unalipa tena, kama kodi ya nyumba. Usipolipa, utasoma ulichoandika lakini hutaweza kukirekebisha. Kikundi ambacho mchango wake ni shilingi mia kwa wiki kitaweza mwaka wa kwanza kwa furaha. Mwaka wa tatu je?

Shida ya pili tunaisema kwa sababu tuko kanisani. Laptopu nyingi zinazouzwa za mitumba zina Word iliyovunjwa kufuli. Muuzaji anakuambia, "Mama, nimekuwekea kila kitu." Hicho kila kitu kimeibwa, na mara nyingi kimekuja na virusi ndani yake. Tumeona flashi ya kikundi ikiingizwa kwenye mashine kama hiyo, na ikitoka mafaili yote yamegeuka vijialama visivyofunguka. Mwizi humwibia mwizi mwenzake, na pia humwibia asiyejua. Wewe hukujua, lakini sasa tumekwambia.

Tena kuna wenye Word halali za zamani, Office 2016 au 2019. Hizo Microsoft iliacha kuzitunza tarehe 14 Oktoba 2025, siku ile ile iliyoacha kutunza Windows 10. Hazikufa, zinaandika kama kawaida. Ila matundu ya usalama yanayogunduliwa sasa hayazibwi, basi usizitumie kufungulia viambatisho vya watu usiowajua.

Sasa ile ya bure aliyoiulizia katibu. Inaitwa LibreOffice, na sehemu yake ya kuandikia inaitwa Writer, yaani mwandishi. Watu wakisikia bure wanafikiri ni ya kuonjesha, kwamba baada ya siku thelathini itafunga mlango. Hapana. Hii ilitokana na OpenOffice, na ikajitenga mwaka 2010 chini ya shirika lisilotafuta faida. Ruhusa yake inasema wazi: tumia, nakili, mpe jirani. Kikundi kimoja kikiipakua, kinaweza kuwapa vikundi kumi kwa flashi, na hakuna dhambi wala kesi. Ni zaidi ya megabaiti 300, kwa hiyo usiipakue kwa bando ya shilingi ishirini. Njooni ofisini, tunayo tayari.

Na msidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Walilazimika kukaa chini na kutafuta neno la Kiswahili kwa kila kitufe. Hilo liliwezekana kwa sababu programu ilikuwa huru, hawakumwomba mwenye kampuni kibali. Ndipo ilipoonekana kwamba mama asiyejua Kiingereza anaweza kuandika kwenye kompyuta kama mtu yeyote.

Ubaya wa LibreOffice nao tuuseme. Inafungua faili za Word, na inaweza kuhifadhi kwa namna ya Word, lakini majedwali na picha wakati mwingine husogea. Orodha yenu ya wanachama, yenye safu ya majina na safu ya vitambulisho na safu ya sahihi, mnaweza kuipeleka saiba ikafunguka imepinda kama meza ya mguu mbovu. Tumeiona. Dawa yake si ngumu. Andika kwa herufi za kawaida, usizipambe. Usipange safu kwa kubonyeza nafasi nafasi nafasi mpaka ifike, tumia jedwali la kweli. Na unapopeleka karatasi kwa mtu wa kuisoma au kuiprinti tu, mpelekee PDF. PDF inakaa vile ulivyoiacha. Ile unayoweza kurekebisha baki nayo mwenyewe.

Tukija kwa Google Docs, mtashangaa kwamba bado tunaitaja baada ya kukiri kosa letu. Jamani, kosa halikuwa la programu. Google Docs ni ya bure, inafunguka kwenye simu, watu watano wanaweza kuandika kwenye karatasi moja kila mmoja akiwa kwake, na inakumbuka mabadiliko yaliyofanywa, nani alibadilisha nini na siku gani. Kwa kikundi kinachoshukiana, hilo la mwisho ni zawadi. Mtu hawezi kubadilisha riba ya mkopo usiku kimya kimya asubuhi isionekane.

Lakini akaunti iwe ya kikundi. Isiwe ya katibu, isiwe ya mtoto wa mwenyekiti. Fungueni barua pepe kwa jina la kikundi. Namba ya simu ya kuithibitisha iwe ya ofisa aliye na laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na muongeze njia ya pili ya kurudisha akaunti kwa mtu mwingine. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha, bahasha ifungwe na kutiwa sahihi na maofisa watatu, ikae ndani ya sanduku lenu la pesa. Mkibadilisha viongozi, mnabadilisha neno na bahasha siku hiyo hiyo. Pia mjue kwamba tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ambayo haijafunguliwa kwa miaka miwili. Kikundi kilicholala kinaweza kuamka kikute nyumba imebomolewa.

Programu za simu ni nyingi, nyingine zinajaa matangazo mpaka unatafuta mahali pa kuandika. Word ya simu ipo, na kwa kazi ya kawaida hailipiwi. Kwa minitsi za ukurasa mmoja, simu inatosha. Kwa kitabu cha mwalimu, hapana. Macho yake hayataruhusu.

MISTARI MYEKUNDU

Hili linawasumbua wote. Unaandika Kiswahili safi, na ukurasa mzima unajaa mistari myekundu kama mwalimu mkali amepita. Mama mmoja alituambia aliacha kuandika kwa sababu kompyuta ilimwambia hajui kusoma. Mama, kompyuta ilidhani unaandika Kiingereza! Ndiyo maana ilikuona umekosea kila neno.

Kwenye Word nenda Review, kisha Language, uchague Kiswahili. Kwenye LibreOffice utaipata chini ya Tools, kisha Language. Zote mbili zina kamusi za kukagua tahajia ya Kiswahili, ingawa Kiswahili kinavyojenga maneno, kamusi hizo zitalalamikia mengine yaliyo sahihi. Lililo baya kuliko mistari ni ile tabia ya kubadilisha neno bila kukuuliza. Simu ya mweka hazina mmoja iliandika "karma" kila alipotaka "kama". Ripoti yake kwa mfadhili ilisomeka kama mahubiri ya dini nyingine. Zimeni hiyo kitu. Kwenye Word iko File, Options, Proofing, AutoCorrect. Kwenye LibreOffice iko Tools, AutoCorrect Options. Kwenye simu iko kwenye mipangilio ya kibodi.

Mwalimu, wewe unaandika Ekegusii. Kwa Ekegusii mkaguzi ni macho yako na ya wazee wenzako. Lakini programu hizi zinakuruhusu kujenga kamusi yako. Ukiandika omong'ina, na mstari mwekundu ukatokea, bonyeza upande wa kulia wa kipanya, mwambie aliongeze neno hilo. Kesho hatalalamika. Baada ya mwaka utakuwa na orodha ya maneno mengi ya Ekegusii yaliyoandikwa kwa tahajia moja, na hiyo peke yake ni kazi. Amua mapema jinsi utakavyoandika ile alama ya juu katika ng', iliyonyooka au iliyopinda, halafu usibadilishe. Ukichanganya, siku utakapotafuta neno ndani ya kurasa mia mbili, mashine inaweza kukuonyesha nusu tu.

Jambo jingine kwa mwenye kitabu kirefu. Vichwa vya sura usivifanye kwa kukuza herufi tu. Tumia mitindo ya vichwa, Heading 1 na wenzake. Ukifanya hivyo programu itakutengenezea yaliyomo yenyewe, na namba za kurasa zitajirekebisha ukiongeza hadithi katikati. Tumemwona mtu akihesabu kurasa kwa kidole na kuandika yaliyomo kwa mkono mara sita. Ni subira ya watakatifu, lakini haihitajiki.

SHERIA NA KARATASI

Turudi kwa vikundi. Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, kikundi kinachotaka cheti lazima kiwe na watu kumi au zaidi, na kipeleke katiba, orodha ya wanachama na minitsi za mkutano uliokubali kusajiliwa. Vikundi vingi vilichukua katiba ya jirani, vikabadilisha jina, vikaiprinti. Tunawajua, msicheke. Kuna kikundi kilipeleka katiba ya wafuga nyuki na wao hawana hata mzinga mmoja.

Lililotuumiza zaidi ni kwamba vikundi vingi havina faili ya katiba yao wenyewe. Ilichapwa saiba kwa shilingi hamsini kila ukurasa, ikaprintiwa, na faili ikabaki kwenye mashine ya saiba. Saiba ikifungwa au mashine ikipigwa na radi, na mnajua radi za hapa kwetu, mnalipa kuchapisha upya neno kwa neno. Nanyi mlishalipa! Ukilipa fundi wa meza unaondoka na meza. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, mpe mchapaji flashi ya kikundi, mwambie: niwekee faili ya kurekebisha na PDF, zote mbili. Ifungue hapo hapo uione. Kisha ndipo ulipe.

Na kaunta buku tunairudisha. Tulikosea kuiondoa. Minitsi ziandikwe kwa mkono mkutanoni, zisomwe, zitiwe sahihi. Baadaye katibu azichape kwa utulivu, kwa programu yoyote mliyokubaliana. Nakala moja kwenye flashi ya kikundi, moja kwenye akaunti ya kikundi, na moja ikiprintiwa ikae kwenye sanduku. Panya hatakula vyote vitatu siku moja. Tulipowaambia kompyuta itachukua mahali pa daftari, tulikuwa tunafurahia kitu kipya.

Stima nayo, mmezoea inavyokwenda na kurudi kila mvua ikinyesha. Mtu anayeandika kwa kompyuta ya mezani na ajifunze kubonyeza Control na S kila amalizapo aya, kama anavyofanya ishara ya msalaba kabla ya kula, bila kufikiri. Programu zinajaribu kuokoa zenyewe, na mara nyingi zinafaulu.

WALICHOCHAGUA

Mwalimu tulikaa naye asubuhi mbili. Laptopu yake ina nguvu kidogo. Tulimwekea LibreOffice, tukaondoa vitu vingi visivyo na kazi, tukazima masahihisho yote. Anaandika kwa vidole viwili, hadithi moja kwa wiki. Faili anaihifadhi kwa namna ya LibreOffice yenyewe, na kila mwisho wa mwezi mjukuu wake anatoa nakala ya namna ya Word kwa ajili ya siku ya kumpelekea mchapishaji. Tulimuuliza atafanya nini na yale madaftari manne akimaliza. Alitutazama kama watoto. Akasema madaftari hayaendi popote.

Akina mama wa kuku hawakununua Word. Pesa walizokuwa wametenga walinunulia flashi mbili na kulipia kuprinti, na zilizobaki zikaenda kwenye chanjo ya kuku. Minitsi wanachapa kwa simu kwenye Google Docs ya kikundi, katiba wanairekebishia hapa ofisini kwa LibreOffice. Bahasha yao tumeiona, ina sahihi tatu na nta ya mshumaa juu yake. Hatukuwafundisha nta. Walibuni wenyewe.

Na kile kikundi kilichopoteza minitsi kimeomba tuwasaidie kuandika upya kanuni ya msaada wa mazishi, waipitishe ikiwa imeandikwa vizuri, mama mkwe atajwe kwa jina lake. Wameomba pia twende nao kwa yule mama kabla ya kuipitisha, wamsomee. Tumekubali. Tunakwenda Jumapili alasiri baada ya jumuiya, na mwenyekiti ndiye atakayebeba kaunta buku.

Kwa wengine, Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi tutaweka LibreOffice kwenye laptopu zenu hapa hapa. Leteni chaja, leteni flashi iliyo tupu, na leteni katiba yenu hata kama ni karatasi tu. Ambao katiba yao inazungumza juu ya nyuki, waje mapema.